Bildi na Cheti

Manahodha wa zamani hawakuhitaji kufundishwa kwamba bahari huyahadaa macho. Maji yaliyotulia juu ya mwamba hupendeza kuyatazama kuliko maji ya kina, na mlango wa bandari uliozoeleka tangu utotoni huweza kugeuka kwa msimu mmoja tu wa mchanga. Ndiyo maana chombo kilipoikaribia nchi, hasa usiku au asubuhi yenye ukungu, baharia mmoja alisimama omoni na bildi mkononi. Bildi ni kitu duni kwa kukitazama: kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba. Baharia huitupa, huisikilizia mpaka iguse chini, kisha hutaja kwa sauti idadi ya pima. Pima tano. Pima nne. Pima tatu unusu. Nahodha naye husikiliza, mkono uko kwenye usukani.

Bildi ina kasoro mbili ambazo kila baharia anazijua. Ya kwanza, husema habari ya pale ilipotupwa, kwa wakati ule ilipotupwa. Hatua kumi mbele haina ilijualo. Ya pili, haina amri. Ikishataja pima moja na nusu, kazi yake imekwisha. Aliyebaki ni nahodha, na nahodha asiyekuwa tayari kugeuza chombo huwa amejisumbua bure kuitupa.

Kiswahili kimelipa neno hilo la baharini kazi nyingi nchi kavu. Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Kupima ni kutafuta uzito, urefu na kina. Na mgonjwa naye huenda kupimwa. Hata tabia hupimwa, na hapo hakuna kamba wala risasi. Maana hizo zote zilikutana mahala pamoja katika miaka ya 2021 na 2022, kwenye magati ya Marekani, pale abiria wa meli za matembezi walipotakiwa kuonyesha cheti cha kupimwa Uviko-19 kabla ya kukanyaga ngazi ya meli. Wengi walikiona cheti hicho kuwa ni udhia wa makaratasi. Kwa hakika kilikuwa ni swali, na swali lenyewe halikuwa lile lililoandikwa juu ya karatasi.

Sharti hilo halikuzuka hivihivi. Tarehe 20 Januari 2020 meli iitwayo Diamond Princess iling'oa nanga Yokohama, Japani, kwa safari ya starehe. Abiria mmoja aliteremka Hong Kong tarehe 25. Siku chache baadaye alibainika kuwa na virusi vipya vya korona. Meli iliporejea Yokohama mwanzoni mwa Februari iliwekwa karantini ikiwa na watu 3,711. Katika hao, waliothibitishwa kuambukizwa walifika 712. Kilichowashtua waganga zaidi ya idadi hiyo ni kwamba karibu nusu ya walioonekana na virusi hawakuwa na dalili yoyote siku waliyopimwa. Hawakukohoa, hawakuwa na homa, walikula na kucheka. Maji yalikuwa yametulia juu ya mwamba.

Abiria walifungiwa vyumbani mwao, lakini chakula hakiji chenyewe mlangoni. Watumishi wa meli waliendelea kupika, kufua na kugawa sahani, kisha usiku wakarudi kulala vyumba vya pamoja. Karantini iliyomlinda mtu mmoja ilisimama juu ya mabega ya mwengine. Mwezi huohuo meli nyengine, Westerdam, ilitangatanga baharini baada ya kukataliwa Japani, Taiwan, Ufilipino, Guam na Thailand, hadi Kambodia ilipoipokea tarehe 13 Februari. Machi 2020 Marekani ilipiga marufuku safari za meli za abiria, na Aprili wakuu wake wa afya walieleza kuwa meli zipatazo 100 zilikuwa zimekaa karibu na pwani zake zikiwa na watumishi karibu 80,000 ndani. Abiria walikwisha kwenda zao. Waliobaki walikuwa ni wale waliowatumikia.

Meli ya kwanza kutoka bandari ya Marekani na abiria waliolipa nauli iliondoka Fort Lauderdale, Florida, tarehe 26 Juni 2021. Baadaye cheti kikawa sehemu ya safari. Aliyechanjwa alitakiwa apimwe kabla ya kupanda, na mnamo Septemba 2021 muda ulipunguzwa kutoka siku tatu hadi siku mbili. Hesabu yenyewe iliwachanganya wengi. Zilihesabiwa siku, si saa, na siku ya kuondoka haikuhesabiwa. Mwenye safari ya Jumapili alipimwa Ijumaa au Jumamosi. Aliyepimwa Alkhamisi usiku, hata kama ni dakika chache kabla ya saa sita, karatasi yake haikumfaa kitu.

Kulikuwa na kipimo cha maabara, kiitwacho PCR, ambacho ni makini zaidi lakini majibu yake yaliweza kuchukua siku moja hadi tatu. Basi mtu alipimwa kwa wakati na bado akakosa meli kwa kuwa majibu yalichelewa. Kulikuwa na kipimo cha haraka, cha antijeni, kinachotoa jibu kwa dakika kumi na tano. Jina kwenye cheti lilibidi lifanane na jina la pasi ya kusafiria, na tarehe ya kupimwa iandikwe wazi. Aliyeugua na kupona katika siku 90 zilizotangulia aliweza kuonyesha hati ya daktari, kwa sababu kipimo cha maabara huweza kuendelea kuonyesha mabaki ya virusi muda mrefu baada ya mtu kupona.

Kuanzia Januari 2022 serikali ya Marekani ilituma bure vipimo vinne kwa kila nyumba iliyoomba. Lakini kipimo hicho cha bure, ambacho mtu alijipima peke yake jikoni, hakikukubaliwa gatini. Kilichokubaliwa ni kile cha kulipia, kilichofanywa mbele ya msimamizi aliyetazama kwa video. Msimamizi aliona kisanduku kikifunguliwa, akaona kijiti cha pamba kikiingizwa puani, akasubiri pamoja na msafiri hadi dakika zikatimia, kisha akaandika. Kipimo kilikuwa kilekile. Tofauti ni kuwa kimoja kilikuwa na shahidi.

Wachukuliwe mume na mke wawili wa kubuni, kwani wa kweli walikuwa wengi na kila mmoja ana haki ya siri yake. Wanakaa Columbus, Ohio, mbali na bahari yoyote. Mume alikuwa mpima ardhi mpaka alipostaafu. Mke alikuwa mkutubi wa skuli. Aprili 2022 wametimiza miaka hamsini ya ndoa. Safari ya siku saba katika bahari ya Karibiani, kutoka Fort Lauderdale siku ya Jumapili, wameiwekea akiba tangu kabla ya maradhi, na imeshaahirishwa mara mbili. Ndege yao ni ya Jumamosi asubuhi. Kipimo chao cha mbele ya shahidi wamekipangia Ijumaa jioni.

Alkhamisi usiku mume alitoa vile vipimo vya bure. Watu wengi walifanya hivyo: walijipima kwanza faraghani ili wajue kitakachokuja. Mke alitoka mstari mmoja. Kwa mume, chini ya mstari wa kwanza, kulikuwa na kivuli. Hakikuwa mstari ambao mtu angeuona kutoka mbali. Alikisogeza chini ya taa, akakiinamisha, akavaa miwani, akaivua. Kivuli kilikuwapo.

Hapa lugha nayo ina kichekesho chake. Katika mazungumzo ya kila siku Mswahili hulipenda neno chanya na kulikwepa neno hasi. Mtazamo chanya husifiwa, na wa hasi huogopwa. Kwenye karatasi ya daktari mambo hupinduka. Hasi ndiyo kheri, na chanya ndiyo nuksi. Aliyepima amekipata alichokuwa akikitafuta, na mpimwaji alikuwa anaomba kisipatikane. Neno moja humfurahisha mmoja na kumliza mwengine, kwa kutegemea tu nani anasoma.

Mume alikuwa na hoja, na hoja zake hazikuwa za kipumbavu. Amechanjwa mara tatu. Hana homa. Kivuli kile huenda ni kasoro ya kisanduku. Tena, na hili alilisema polepole, shahidi wa kwenye video huuona mkono tu; haoni kijiti kimefika wapi ndani ya pua. Mtu anaweza kukizungusha pembeni, taratibu, akamaliza masharti yote, na cheti kikatoka safi. Hatakuwa amesema neno la uongo.

Mke hakumjibu kwa muda. Yeye ndiye aliyeitaka bahari zaidi. Nguo zilikuwa zimekunjwa ndani ya sanduku tangu Jumatatu. Lakini mwaka 2020 dada yake alifia katika nyumba ya kulelea wazee, na mara ya mwisho kuonana walitazamana kupitia kioo cha dirisha, huku muuguzi akiwashikia simu. Maradhi hayakuingia mle kwa miguu yao wenyewe. Yaliletwa na mtu fulani, mwenye afya, mwenye hoja. Hakuwahi kujua ni nani, wala hakuwahi kumchukia, kwa sababu aliamini hakujua.

Alichosema hatimaye kilikuwa kifupi. Alimkumbusha mumewe kuwa miaka arobaini alisimama mashambani kwa watu na vyombo vyake, na hakuna jirani hata mmoja aliyempunguzia hatua moja ya mpaka kwa kuwa eti mstari ulikuwa hafifu. Akaongeza kwamba yule aliyemwambukiza dada yake hakujua, na sasa wao wanajua.

Ijumaa jioni alikaa mbele ya shahidi na kukizungusha kijiti kama inavyotakiwa. Mstari ulitoka, na mara hii haukuwa kivuli. Msimamizi, kijana mwenye sauti ya upole, aliandika na kumtakia nafuu. Wala mke hakwenda peke yake, kwa kuwa fomu ya afya iliuliza pia iwapo msafiri amekaribiana na mgonjwa, na yeye alilala naye chumba kimoja. Kampuni iliwawekea thamani ya nauli kwa safari ya baadaye. Chumba cha hoteli walichokilipia Fort Lauderdale kiliwapotea. Jumatatu mume alishikwa na homa, akakohoa wiki nzima, akapona.

Waama, cheti hakikumzuia mtu yule. Kama angetaka, angekipata. Sheria ilifika hadi puani na ikasimama, na kilichobaki kilikuwa mikononi mwake.

Jambo hili si geni, wala halikuanza na korona. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, unaoitwa sasa Dubrovnik, uliamuru waliotoka katika nchi zenye tauni wakae siku thelathini mahala pa kando kabla ya kuingia. Venice nayo mwaka 1423 iliweka kisiwa kizima kwa wagonjwa wa tauni. Siku zikaongezwa hadi arobaini, na katika hesabu hiyo ya Kitaliani ndimo lilimozaliwa neno karantini. Watu wa mwambao hawashangazwi na idadi hiyo. Mzazi hukaa arobaini yake ndani, na maiti huhesabiwa arobaini yake na waliobaki. Ni muda ambao desturi imeuona unatosha kwa jambo lililofichika kujidhihirisha, na methali nayo imemwekea mwizi siku hizohizo.

Karne nyingi aliyepimwa alikuwa chombo, si mtu. Nahodha aliondoka bandarini na hati ya afya iliyosema kama mji alikotoka ni safi, una shaka, au una maradhi. Athari yake imebaki hadi leo katika bendera ya manjano ya mabaharia, ambayo husema: chombo changu ni kizima, naomba ruhusa ya kuingia. Kupimwa kwa abiria mmojammoja kabla ya kupanda kulishika kasi pale fedha zilipoingia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1891 iliwataka wenye meli wawarudishe kwa gharama zao wahamiaji waliokataliwa kwa sababu ya maradhi. Makampuni yakaona ni nafuu kuwakagua watu Ulaya kuliko kuwarudisha kutoka Amerika. Wakati huohuo, huko New York, abiria wa daraja la juu walikaguliwa haraka ndani ya meli, ilhali wa daraja la chini walipelekwa kisiwa cha Ellis kupanga foleni. Maradhi hayakuwa na madaraja, lakini shaka ilikuwa nayo.

Visiwani nako kuna jiwe la ushahidi. Mkabala na mji wa Unguja kiko kisiwa cha Changuu. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Sultani, alikichukua ili kiwe jela, na jela ikajengwa. Haikufungwa mfungwa. Badala yake kisiwa kikawa karantini, na abiria waliotiliwa shaka walikaa pale wakihesabu siku, mji wakiuona kwa macho. Leo watalii huvuka kwenda kutazama kobe wakubwa wenye asili ya Shelisheli, na wachache huyauliza majengo yale yalikuwa ya kazi gani. Jina la jela limebaki kinywani kwa wageni, na la karantini limesahauliwa, ingawa ni karantini iliyokaliwa na watu.

Kwa Waislamu wa mwambao kuna kisa cha kale zaidi. Katika karne ya saba Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh aliletewa habari kwamba huko mbele kuna tauni. Alishauriana na watu, wakakhitalifiana, kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jibu lake, kwa maana, lilikuwa kwamba anaiacha kadari moja kwa kuiendea nyengine, iliyo yake Yeye vilevile. Kisha Abdurrahman bin Auf akafika na mafundisho aliyoyasikia kwa Mtume: nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asiitoke kwa kuikimbia.

Aghalabu hukumbukwa nusu ya kwanza ya mafundisho hayo, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Kila mtu hupenda kujilinda na nchi ya wenzake. Nusu ya pili ndiyo yenye uzito, kwani humtaka mtu aliyemo ndani ya balaa abaki, si kwa faida yake, bali kwa faida ya watu asiowajua huko ambako angelikwenda. Abu Ubaida mwenyewe alibaki Sham na tauni ikamchukua. Mpima ardhi wa Ohio hakukisikia kisa hicho, wala hakuhitaji kukisikia ili akutane na nusu hiyo ya pili, Alkhamisi usiku, chini ya taa ya jikoni.

Wapo watakaosema kuwa vipimo vile havikufaa, kwa kuwa virusi vilipanda melini pamoja na vyeti. Ni kweli kwamba vilipanda. Katika majira ya baridi ya mwisho wa 2021, wimbi la Omicron lilipopamba moto, meli zilizojaa watu waliopimwa zilipata wagonjwa, na tarehe 30 Desemba wakuu wa afya wa Marekani waliwashauri watu waziepuke meli hizo, waliochanjwa na wasiochanjwa. Aliyeambukizwa juzi hupimwa leo akaonekana safi, na kesho kutwa akawa chanzo. Bildi haikuahidi zaidi ya pale ilipotupwa. Lakini hakuna nahodha aliyewahi kuitupa bildi baharini kwa hasira kwa kuwa haikumwonyesha mwamba wa hatua kumi mbele. Huitupa tena.

Wengine watasema, na hili lina haki zaidi, kwamba mzigo haukugawiwa sawa. Abiria alipimwa mara moja akapoteza, kwa ubaya wa mambo, likizo. Mhudumu wa mezani, aghalabu ametoka Ufilipino, Indonesia au India, alipimwa tena na tena kwa miezi, na kila kipimo kilibeba uwezekano wa kufungiwa chumbani na wa wageni wapya wanaopanda kila wiki wakiwa na vyeti mikononi. Hakuwa na njia ya kujua kijiti cha kila mmoja kilifika wapi. Alikuwa na imani tu kwamba watu mia kadhaa asiowajua, katika miji asiyoijua, walikaa mbele ya kioo na wakajitendea ukweli. Kwa hiyo cheti hakikuwa ruhusa ya abiria kupanda meli. Kilikuwa ni amana ya mhudumu, na abiria alikishika kwa niaba yake.

Tarehe 18 Julai 2022 mpango wa serikali ya Marekani kuhusu Uviko-19 katika meli za matembezi ulikoma. Kila kampuni ikajiwekea masharti yake, na kufikia Septemba nyingi zilikuwa zimeacha kuwadai vipimo abiria waliochanjwa katika safari za kawaida. Desturi ya kuuliza haikufa yote. Meli huuliza bado, kwa fomu fupi, kama msafiri anatapika au anaharisha, na makampuni mengi hayampandishi mjamzito atakayefikia wiki ya 24 kabla safari haijesha. Majibu ya maswali hayo, kwa sehemu kubwa, hayana shahidi. Mtu hutia alama kwenye kisanduku na mlango hufunguka.

Wale wawili wa Columbus walisafiri Oktoba 2022. Kampuni yao haikuwataka cheti cha kipimo. Ijumaa usiku, mke akiwa chumbani anamalizia kufunga mizigo, alisikia mtoto wa meza ya jikoni akivutwa. Alipotoka alimkuta mumewe amekaa, na kipimo cha mwisho katika vile vya serikali kiko mbele yake kimefunguliwa. Alikuwa ameivua saa mkononi na kuiweka mezani kando yake. Hapakuwa na video wala msimamizi, na hapakuwa na mtu bandarini ambaye angemuuliza.

Mke alivuta kiti akakaa. Dakika ya kumi na tano ilipotimia, mzee alivaa miwani, akainama chini ya taa, na akataja alichokiona: mstari mmoja. Kisha akakisukuma mbele kwa mkewe, naye akitazame.